Fujifilm X100V kwenye vumbi la Dodoma: kamera moja inatosha?

Kubadilisha lenzi mnadani Msalato mwezi wa Agosti ni sawa na kufunua sufuria ya wali pembeni ya barabara ya vumbi. Ng'ombe wanaingia, upepo unavuma, na katika zile sekunde 10 ambazo mdomo wa kamera uko wazi, sensa (ile sahani inayopokea picha, si ile ya watu na makazi) inapata wageni. Siku hiyo huwaoni. Unawaona wiki inayofuata ukipiga anga kwa f/16 (namba ya f ikiwa kubwa, tundu la lenzi ni dogo): vidoa vya kijivu, kila picha, mahali palepale.

Kwa hiyo habari ya kupunguza vifaa na kubaki na kamera moja, ambayo kwingine ni suala la uzito wa begi na ladha ya mtu, huku kwetu katikati ya nchi ina sababu ya ziada. Kamera isiyofunguliwa haili vumbi. Au ndivyo watu wanavyodhani, na hapo ndipo wengi wanapoumia.

Tunayoipima hapa ni Fujifilm X100V, kamera ambayo lenzi yake haitoki. Ilitangazwa Februari 2020 kwa bei ya dola 1,399 huko Marekani. Februari 2024 ikafuatiwa na X100VI, na sasa X100V ni ya kuitafuta kwa mkono wa pili. Hukumu tuiweke mapema: kwa mpiga picha anayetembea kwa miguu, anayependa watu, soko, mtaa na mandhari ya karibu, hii ni kamera moja inayotosha Dodoma, kwa sharti kwamba siku unayoinunua unanunua na pete yake ya kushikia filta, na filta yenyewe ya milimita 49. Bila vitu hivyo viwili ni ununuzi mbaya, mbaya kuliko kamera ya kawaida ya lenzi za kubadilisha. Sababu inafuata, lakini kwanza kuna jambo la kufanya kabla hujauza chochote.

Ipime kwanza kwa kamera uliyonayo

Lenzi ya X100V ni ya milimita 23, f/2. Kwa ukubwa wa sensa yake (APS-C, ndogo kuliko fremu kamili) uwanda wake ni kama milimita 35 kwenye kamera ya fremu kamili. Haina zumu. Anayezoea 18-55 au 70-300 anaweza kuipenda dukani na kuichukia wiki ya pili.

Fungua picha zako za mwaka mzima kwenye programu yoyote inayosoma taarifa za picha, uzipange kwa urefu wa lenzi. Lightroom inafanya hivyo, na digiKam ya bure inafanya hivyo pia. Tazama zile ulizozichagua, ulizochapisha au kumtumia mtu, si zote. Kama nyingi ziko kati ya 18 na 30 kwenye sensa ya APS-C, kamera hii inakufaa. Kama nyingi ziko 55 kwenda juu, acha, wewe ni mtu wa lenzi ndefu na hakuna ubaya.

Kisha chukua plasta ya kitambaa, sogeza zumu hadi 23 kama ni Nikon au Sony ya APS-C, 22 kama ni Canon, au 35 kama ni fremu kamili, na uibandike isizunguke. Piga hivyo wiki mbili. Siku tatu za mwanzo zinaudhi. Kufikia wiki ya pili, ama miguu yako imeanza kufanya kazi ya zumu, ama umeshabandua plasta. Vyote ni majibu.

Kuna hesabu moja inayosaidia sana wakati wa jaribio hili, na ni nadra kuiona ikiandikwa. Kwa lenzi hii, upana wa fremu ni karibu sawa na umbali wako. Ukisimama mita 3 kutoka kwenye ukuta, unapata mita 3 za ukuta. Kimo cha fremu ni theluthi mbili za hapo, yaani mita 2. Ukigeuza kamera wima, kimo ndicho kinakuwa sawa na umbali. Kwa hiyo mtu mzima aliyesimama, wa kimo cha kawaida, anataka mita 2 au zaidi kidogo ili miguu isikatwe. Kiuno hadi kichwa ni mita 1.2 hivi. Chini ya mita 1 pua inaanza kuwa kubwa kuliko ilivyo, na mwenye pua atakulalamikia.

Akina mama wa Kigogo wakipiga muheme, ngoma zikiwa zimebanwa mapajani, mita 2.5 inakupa watatu na nafasi ya mikono kupanda na kushuka. Umbali huo ni wa kuwa ndani ya tukio, si wa kuvizia. Omba ruhusa kwanza. Baada ya hapo kamera haisumbui mtu, kwa sababu shata yake (kile kinachoruhusu na kukata mwanga) imo ndani ya lenzi na mlio wake ni mdogo kuliko wa kubofya kalamu. Mikono ya muheme inataka kasi ya 1/500 ya sekunde ili igande. Ukitaka ionekane inatembea, 1/60.

Vumbi, na kwa nini pete si ya hiari

Tazama mbele ya lenzi ya X100V ikiwa uchi, kisha ifanye ifokasi kitu cha karibu. Utaona kipande cha mbele kinasogea kidogo ndani ya mdomo wake. Kinaposogea, kinasukuma na kuvuta hewa kwenye mwanya mwembamba unaokizunguka. Hewa ya Dodoma kati ya Juni na Novemba haiji peke yake.

Mwili wenyewe una mipira ya kuzuia vumbi na maji kwenye maungio. Huo mwanya wa mbele ndio uliobaki wazi, na Fujifilm wenyewe wanasema kamera inahesabika kuwa na kinga pale tu inapofungwa pete ya AR-X100 na filta ya kinga ya PRF-49. Filta nzuri ya kampuni nyingine yoyote, ya milimita 49, inafanya kazi ileile. Pete za bei ndogo zipo pia. Angalia tu kama zinakaa sawa bila kucheza.

Kwa nini ni mbaya kuliko kamera ya kawaida ukiacha hivyo? Kwa sababu vumbi likiingia kwenye Nikon au Canon yako, unatoa lenzi, unapuliza kwa blowa ya mpira, au unampelekea fundi mwenye vijiti vya kusafishia sensa, na kazi imekwisha. Kwenye X100V hakuna pa kuingilia. Kupata chembe moja iliyolala kwenye sensa kunahitaji kamera ifumuliwe, lenzi itolewe, kisha irudishwe ikiwa imenyooka vilevile. Hiyo si kazi ya fundi wa simu, hata awe hodari namna gani. Kamera isiyofunguliwa ni baraka mpaka siku inapohitaji kufunguliwa.

Kuifunga ni kazi ya dakika moja. Zungusha kile kipete cha urembo kilicho mbele ya lenzi kinyume cha saa. Kikigoma, zungushia mpira wa kufungia noti ili vidole vipate mshiko. Weka pete ya AR-X100 mahali pake. Anza kwa kuizungusha nyuma kidogo mpaka uhisi imekaa kwenye njia yake, ndipo uzungushe mbele. Anayeanza kwa kulazimisha mbele huivuka njia ya skrubu, na pete ya aluminiamu haina msamaha. Ikishagusa mwisho, ikaze kidogo tu. Filta juu yake, vilevile. Pete ikipanuka kwa joto la mchana na kusinyaa usiku, filta iliyokazwa kwa nguvu haitatoka tena kwa mkono.

Mambo mawili hayasemwi na wauzaji. Kifuniko cha lenzi kilichokuja na kamera hakitaingia tena, kwa hiyo nunua cha kubana cha milimita 49. Na filta ya bei ya karanga itakuletea mizimu usiku: ukipiga taa za Nyerere Square, kila taa inapata pacha wake wa kijani upande wa pili wa picha. Chukua filta yenye tabaka nyingi za kuzuia mng'ao.

Hata ikifungwa hivyo, kuna milango miwili bado: wa betri na kadi chini, na wa waya pembeni. Ukifungua wa betri mnadani umeharibu kazi yote. Badilisha betri ndani ya begi, au ndani ya bajaji upepo ukiwa umekatwa, mgongo ukielekea upepo unakotoka.

Kusafisha kuna mpangilio wake. Kwanza blowa, kamera ikitazama chini ili kinachotoka kianguke. Pili brashi laini, kuzunguka magurudumu na chini ya pete. Mwisho kabisa kitambaa. Anayeanza na kitambaa anapiga msasa: mchanga wa huku unatokana na graniti, umejaa chembe za kwazi (quartz), na kwazi ni ngumu kuliko kioo. Kanga, shati, ncha ya tai, vyote visiguse filta kabla ya blowa. Usipulize kwa mdomo pia, mate yakikauka yanakuwa gundi.

Watu wengi huuliza kuhusu Ricoh GR III kwa kuwa ni ndogo zaidi, gramu 257 dhidi ya 478. Ni kamera nzuri sana mahali pengine. Lenzi yake inachomoza kila unapoiwasha na kurudi unapoizima, haina kinga ya vumbi, na chembe kwenye sensa ni lalamiko lake la miaka. Pia haina tundu la kuchungulia, na skrini pekee kwenye jua la saa saba mchana ni kioo cha kujitazamia. Kwa Dodoma, hapana.

Jua la utosini

Mji uko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na wiki ya pili ya Oktoba, jua la mchana linapita juu ya kichwa kabisa, na miezi inayobaki haliko mbali na hapo. Kilele chenyewe kinaangukia baada ya saa sita, karibu na saa sita na nusu, kwa sababu tuko magharibi ya mstari ambao saa zetu zimewekewa. Wakati huo macho ya watu yanakuwa mashimo meusi na kofia inameza uso mzima.

Kanuni ya zamani bado inasema kweli: jua wazi, f/16, na kasi ya shata sawa na ISO (namba ya unyeti wa sensa kwa mwanga). ISO ya chini ya X100V ni 160, kwa hiyo f/16 kwa 1/160. Sasa tuseme unataka f/2 ili nyuma ya mtu kufifie. Umefungua hatua 6 (kila hatua ni mwanga mara mbili), na shata inatakiwa iende 1/10000. Shata ya kawaida ya kamera hii inaishia 1/4000. Ukiacha mambo yaendelee, picha inaungua.

Njia ya kwanza ni shata ya kielektroniki, inayofika 1/32000. Tatizo lake ni kwamba inasoma picha mstari baada ya mstari, hivyo bodaboda inayokatiza mbele yako inatoka na magurudumu ya yai. Njia ya pili ndiyo inayofanya kamera hii ipendwe: ndani ya lenzi kuna filta ya giza ya hatua 4. Iwashe, na ile 1/10000 inashuka hadi 1/640. Iweke kwenye kitufe kimoja cha mbele, kwa sababu utaihitaji kila siku kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Kosa la kawaida ni kuisahau ikiwa imewashwa ukiingia kivulini, kisha ukashangaa ISO imepanda hadi 6400 saa nane mchana.

Kwa uso uliomezwa na kofia, tumia flashi iliyomo. Ni dhaifu, nguvu yake kwa ISO 100 ni mita 4.4 tu, lakini shata ya ndani ya lenzi inaikubali kwa kasi ambazo kamera nyingi za kawaida, zinazoishia karibu na 1/200, haziwezi. Hesabu: ISO 160, f/5.6, 1/1250 ndiyo jua la mchana. Kwa mpangilio huo flashi inafika mita 1 hivi. Yaani inafaa kwa mtu unayeongea naye, si kwa kundi. Filta ya giza iwe imezimwa, maana inapunguza na mwanga wa flashi pia.

Kipimo cha mwanga cha kamera kinataka kila kitu kiwe kijivu cha katikati. Uso mweusi ukijaza fremu, kamera inauona ni giza na kuung'arisha mpaka ngozi ipauke. Zungusha gurudumu la mwanga hadi −2/3. Uso huohuo mbele ya anga jeupe la mchana, kamera inaogopa anga na kuuzima uso. Hapo unaenda +1, wakati mwingine zaidi, na unakubali anga lipotee. Hakuna namba moja ya kuweka na kusahau, na yeyote anayeuza namba hiyo anakudanganya.

Paa za mabati ni tatizo lake lenyewe. Washa DR200, mpangilio unaolinda sehemu zenye mwanga mkali zisiungue. Itakulazimisha ISO 320 kwenda juu, na DR400 inataka 640. DR200 inatosha kwa mitaa mingi ya Chang'ombe na Majengo. DR400 mchana inafanya picha iwe kama imeoshwa na jivu.

Rangi: kamera ina mitindo ya rangi yenye majina. Velvia, ile kali, ni ya kuepuka kiangazi. Udongo wa Dodoma umeshakuwa mwekundu, ukiuongezea Velvia unatoka kama rangi ya mafuta, na watu waliosimama juu yake wanageuka wekundu kuanzia shingoni. Classic Chrome inautuliza. Provia kwa masika, Desemba hadi Aprili, mibuyu ikiwa na majani. Acros, ile nyeusi na nyeupe, kwa mnada, bila kufikiri mara mbili: vumbi, pembe na mwanga wa pembeni havihitaji rangi.

Jioni ni fupi. Jua linazama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja, kutegemea mwezi, na linashuka karibu wima. Mwanga ule wa dhahabu unaupata kwa dakika 40 hivi. Anayepanga kufika mashamba ya zabibu ya Hombolo saa kumi na mbili kamili atapata muda wa kuegesha na kusalimia.

Sokoni, bila kungoja kamera ifikiri

Kufokasi kwenyewe kwa X100V ni kuzuri mchana na kwa wastani gizani. Sokoni Majengo, chini ya mapaa na maturubai, watu wakipishana na matoroli, inaweza kung'ang'ania toroli la nyuma. Dawa ni kufokasi kwa umbali uliopangwa. Weka swichi ya pembeni kwenye M (fokasi ya mkono), apacha (tundu la lenzi) f/8, umbali mita 2.5. Kila kitu kuanzia mita 1.4 hadi mita 10 kitakuwa sawa kwa picha ya kawaida. Ukiwa nje mwanga mwingi, mita 3.3 kwa f/8 inakupa mita 1.7 hadi upeo wa macho.

Kamera yenyewe itakuonyesha kipimo kifupi zaidi ya hicho, na wengi hukata tamaa hapo. Ni kwa sababu mstari wake wa umbali umewekwa kwa kipimo kikali cha nukta moja moja. Ingia kwenye menyu ya kufokasi, tafuta kipimo cha kina cha picha, badilisha kutoka "pixel basis" kwenda "film format basis". Mstari utarefuka.

Turubai la bluu ni adui mwingine wa Majengo. Nyanya zilizo chini yake zinakuwa zambarau na uso wa muuzaji unakuwa wa mgonjwa. Mizani nyeupe ya kujiendea (kamera kujirekebishia rangi ya mwanga) haiwezi, kwa sababu hakuna kitu cheupe kinachoonekana cheupe. Piga mizani yako mwenyewe kwenye karatasi nyeupe iliyowekwa palepale chini ya turubai, au piga RAW (faili ghafi isiyochakatwa) na urekebishe nyumbani. Au msubiri muuzaji asogee kwenye ukingo ambapo mwanga wa nje unaingia. Njia hii ya mwisho ni ya bure, na picha huwa nzuri zaidi.

Kitufe cha Q kiko palepale gumba linapopumzika, na kitabonyezwa bila kukusudia mara 10 kwa saa. Kizime kwenye mpangilio wa vitufe, au kihamishie mahali pengine. Fujifilm pia waliondoa vile vitufe vinne vya nyuma vilivyokuwa kwenye X100F, na badala yake unatelezesha kidole kwenye skrini. Kidole chenye jasho na vumbi hakitelezi. Huu ni ubunifu wa mtu anayekaa kwenye kiyoyozi.

Michoro ya Kolo, betri na vitu vidogo

Michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2006, ni safari ambayo kamera hii inaimudu vizuri. Ofisi iko Kolo, kaskazini mwa mji wa Kondoa kwenye barabara ya kwenda Arusha, na huingii bila mwongozaji. Michoro iko chini ya miamba iliyoinama, kwenye kivuli, na mingi ni myekundu iliyofifia juu ya jiwe la rangi inayokaribiana nayo. ISO 400 hadi 800, f/4, shata isishuke chini ya 1/60, maana X100V haina kituliza mtikisiko (X100VI inacho). Flashi imezimwa, kabisa, na usiguse jiwe. Piga RAW, kisha nyumbani ongeza utofauti kwenye rangi nyekundu peke yake. Picha utakayoiona kwenye skrini ya kamera ukiwa mwambani itakukatisha tamaa. Usiifute.

Betri ni NP-W126S. Kwa tundu la kuchungulia la kielektroniki inatoa picha 350, kwa lile la kioo 420. Nunua mbili za ziada. Inachajiwa kwa USB-C kutoka pawa benki, hivyo umeme ukikatika Singida au Manyoni hukwami. Kadi ni moja tu, hakuna ya pili ya akiba. Kwa RAW iliyobanwa na JPEG pamoja, GB 64 inabeba picha 1,500 hivi.

Usiiache kwenye dashibodi ya gari. Na ikiwa shingoni imewashwa, ifunike: lenzi ikitazama jua, sensa inapokea kile kile ambacho watoto hukifanya juani kwa kioo cha kukuzia na kipande cha karatasi.

Nani asiiguse

Mpiga picha wa harusi anayelipwa. Kadi moja na lenzi moja si kazi, ni kamari. Anayekaa pembeni ya uwanja wa Jamhuri Dodoma Jiji wakicheza. Anayefuata korongo na heroe Ziwa Singidani: utarudi na nukta za waridi. Kamera ina megapikseli 26, ukikata hadi uwanda wa milimita 70 unabaki na 6.5, inayotosha kuchapisha inchi 10 kwa 7 na si zaidi. Kwa ndege hata hiyo ni ndoto. Wa video ndefu pia atafute nyingine, hii inapata joto upesi.

Na asiye na fedha ya kamera hii hajakosa njia ya kubaki na moja. Canon ya zamani ya APS-C na lenzi ya EF-S 24mm f/2.8 STM, nyembamba kama chapati, inakupa karibu uwanda uleule. Ifunge, usiitoe. Vumbi likiingia, unaweza angalau kulifikia.

Ukiipata ya mkono wa pili

Muuzaji akiwa Dar na mzigo unakuja kwa basi, mwambie kabla ya kulipa akutumie faili moja halisi, si ya WhatsApp: anga tupu, f/16, ISO 160, umbali wa fokasi ukiwa upeo. Ifungue, ongeza utofauti wa rangi hadi mwisho. Sensa yenye vumbi itajisema yenyewe kwa vidoa. Kidoa kimoja pembeni kinavumilika. Vitano katikati, bei ishuke au uachane naye.

Ukiishika mkononi, tazama kama ukingo wa mbele wa lenzi umebonyea, maana pete haitakaa. Zungusha gurudumu la mbele taratibu: likiruka hatua mbili kwa mbofyo mmoja, limeanza kuchoka. Sukuma kile kifimbo cha kuchagua fokasi pande zote nne. Badilisha apacha kati ya f/16 na f/2 ukitazama ndani ya lenzi, majani yake yafunge na kufunguka bila kusita. Fungua mlango wa betri, uone kama mpira wake wa pembeni upo na haujachanika. Kisha weka sikio karibu, zungusha pete ya apacha na gurudumu la shata. Kama kunasikika kukwaruza, kuna mchanga tayari, na umetoka mahali kama hapa kwetu.